Baba amemaliza mionzi na mate yamekauka: je, sindano za Kichina zitayarudisha?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, tunaishi Tanga. Mwaka jana alikutwa na saratani nyuma ya pua, akapelekwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi mara 35 pamoja na dripu za dawa. Amemaliza miezi tisa sasa na vipimo vyake ni vizuri, alhamdulillahi. Shida ni mdomo. Mate hana. Ugali haushuki bila maji, usiku anaamka mara tano au sita kunywa, na adhana aliyokuwa akiitoa msikitini kwetu ameiacha kwa sababu ulimi unagandia kwenye kaakaa. Kliniki moja ya sindano za Kichina imetuambia akichomwa mara 20 tezi zitafufuka, kila mara shilingi 40,000. Ndugu tumegawanyika. Ni kweli, au tunaliwa? Na kuna hatari gani? Ramadhani nayo inakuja. — Binti yake

Jibu: Marahaba binti, pole kwa kuuguza. Mfikishie mzee salamu zangu, na mwambie kulalamikia kwake mdomo si udeko. Nimekutana na wagonjwa walioyabeba maumivu ya mionzi kimya kimya wiki saba nzima, halafu wakaja kulia mbele yangu kwa sababu ya mate.

Nikujibu kwanza, maelezo yatafuata. Sindano zenyewe si utapeli, ila maneno mliyoambiwa ni ya kuuza. Hakuna sindano inayofufua tezi iliyouawa na mionzi. Wanachopata baadhi ya wagonjwa ni nafuu: mdomo unakuwa mwepesi kidogo, chakula kinashuka kwa shida ndogo zaidi, usingizi unarefuka. Angekuwa baba yangu ningempeleka, lakini kwa mara nane, si ishirini, na kituo cha kwanza kingekuwa kwa daktari wa meno.

Sasa tuingie mdomoni. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu. Jozi ya kwanza iko mbele ya masikio, pale panapovimba mtoto akiugua matubwitubwi. Ya pili iko chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi. Kuna na vijitezi vidogo mamia kwa mamia vilivyotapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na hayo yote huyameza bila kujua.

Tezi hizi zimegawana kazi, na malalamiko ya baba yako yanaonyesha mgawanyo huo vizuri sana. Zile za mbele ya masikio hutoa mate mepesi ya maji, kwa wingi, pale unapotafuna. Ndizo zinazolowesha tonge la ugali. Zile za chini ya taya hufanya kazi hata ukiwa umekaa kimya, na mate yake ni mazito kidogo, yenye ute unaopaka ulimi na kaakaa ili visigandane. Mzee anaposhindwa kumeza bila maji, tatizo liko zaidi kwa zile za masikioni. Anapoamka usiku na ulimi umenasa, au anapokwama katikati ya adhana, hapo zinahusika zile za chini ya taya pamoja na vile vijitezi vidogo. Kwa hiyo mzee ameumia kote kuwili.

Ameumia kote kwa sababu ya mahali uvimbe ulipokuwa. Saratani ya nyuma ya pua imejificha katikati ya kichwa, na hupenda kusambaa kwenye matezi ya shingo (ya kinga ya mwili, si ya mate), ya kulia na ya kushoto. Daktari wa mionzi hana budi kupiga pande zote mbili, kwa kiwango kinachofika karibu grei 70 penye uvimbe wenyewe. Grei ni kipimo cha mionzi, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Tezi ya mbele ya sikio ikipata wastani wa zaidi ya grei 26 hivi, uwezekano wa mate yake kurudi vizuri unapungua sana. Ndiyo maana mashine za kisasa hupinda miale ili kuikwepa tezi kadiri inavyowezekana. Waingereza walilinganisha njia hiyo na ile ya zamani isiyokwepa tezi kwa wagonjwa 94 wa saratani za koo, wakatoa matokeo mwaka 2011: baada ya mwaka mmoja, ukavu wa kusumbua ulibaki kwa wagonjwa 74 kati ya kila 100 waliopigwa kwa njia ya zamani, na 38 kati ya 100 kwa njia mpya. Kwa mzee hilo limeshapita. Ila kama kuna msomaji mwenye ndugu anayesubiri kuanza, aulize mapema: "Daktari, tezi za mate mtazikwepa kwa kiasi gani?" Ni swali halali kabisa.

Kuna jambo lingine la kuweka akilini kabla hujatoa hela. Tezi iliyojeruhiwa bila kufa hujirudia yenyewe polepole, na sehemu kubwa ya kujirudia huko hutokea ndani ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mzee yuko mwezi wa tisa. Inawezekana kabisa miezi mitatu ijayo akapata nafuu kidogo hata kama hatachomwa sindano yoyote, na mwenye kliniki akapokea shukrani za bure. Sisemi hivyo kwa kejeli, hata sisi madaktari tunapokea shukrani nyingi za namna hiyo. Lakini ndiyo sababu tunalazimika kuangalia tafiti zenye makundi ya kulinganisha, badala ya kusikiliza "fulani alichomwa akapona".

Sindano zenyewe si ngeni kwetu. Madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar mwaka 1964, na bara miaka michache baadaye, na wazee wengi wa pwani wanakumbuka kuchomwa mgongo au goti. Kwa ukavu wa mdomo sindano huwekwa mahali ambapo ndugu wengi hushangaa: sikioni, mkononi, mguuni chini ya goti, wakati mwingine kidevuni na mbele ya sikio. Moja ya sehemu zinazotumika sana iko kwenye shina la kidole cha shahada, upande unaoelekea kidole gumba. Watafiti wa New York waliwachoma watu wazima wenye afya mahali hapo wakiwa ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakaona sehemu ya ubongo inayoitwa insula, inayohusika na ladha na hisia za mdomo, ikiamka, huku mate yakiongezeka. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2008. Mimi nayachukulia kuwa dalili kwamba kuna kinachotendeka kwenye neva, si porojo tupu. Lakini kumbuka wale walikuwa na tezi nzima. Neva ikipeleka amri kwenye tezi iliyogeuka kovu, hakuna wa kuitekeleza. Nafuu, kama ipo, itatoka kwenye zile seli zilizosalia hai na kwenye vile vijitezi vidogo.

Nimewahi kukaa pembeni ya kitanda nikaangalia kazi hii ikifanywa na daktari aliyeisomea vizuri. Mgonjwa alikuwa mwalimu mstaafu, mionzi yake ilikuwa na miaka miwili. Sindano zilikuwa nyembamba, hazifanani hata kidogo na za kutolea damu; nadhani unywele mnene ndio ungekuwa mfano wa karibu. Aliwekewa tatu katika kila sikio na moja katika kila kidole cha shahada, akapewa pipi ya ndimu isiyo na sukari aiweke chini ya ulimi. Hakutoka damu. Alisema kidole kinakuwa kizito, kama kimelaliwa. Dakika ya kumi na tano hivi koo lake lilipanda na kushuka, akafungua macho akasema, "Nimemeza." Mkewe alitoka nje kulia. Nami nilifurahi, huku nikijiuliza: ni sindano, ni pipi ya ndimu, au ni kule kulala kimya dakika kumi na tano pembeni ya watu watatu wanaokujali? Pale kitandani nisingeweza kujua.

Swali hilohilo ndilo watafiti wamekuwa wakipambana nalo. Nitakupa tafiti tatu.

Ya kwanza ni ya Uingereza, mwaka 2013. Wagonjwa 145 kutoka hospitali saba, wote walikuwa wamemaliza mionzi zaidi ya miezi 18 nyuma na midomo bado mikavu. Walipewa sindano mara nane, mara moja kwa wiki, dakika 20 kila mara, wakikaa kwa vikundi. Na walipewa pia mafunzo ya kutunza kinywa kwa kipindi kingine, ili mtu ajilinganishe na nafsi yake. Baada ya sindano, wengi zaidi walisema mdomo umepata unafuu, mate hayanati kama gundi, hawahitaji kusindikiza kila tonge kwa maji, na usiku hawaamki sana kunywa. Lakini mate yalipopimwa kwa vikaratasi maalumu, kiasi hakikuongezeka.

Wenzangu wengine wakisoma hapo hufunga ukurasa: mate hayajaongezeka, basi hamna kitu. Mimi sikubaliani nao. Baba yako hakuandika barua kulalamikia mililita. Analalamika kwamba halali na hawezi kuadhini. Kama mililita zimebaki zilezile na mzee analala saa nne mfululizo badala ya moja na nusu, mimi nitahesabu hilo kuwa ni tiba, ila sitaliita kufufua tezi.

Ya pili ilifanywa kwa pamoja na hospitali mbili kubwa za saratani, moja ya Houston, Marekani, na nyingine ya Shanghai, China, ikatolewa mwaka 2019. Iliandikisha wagonjwa 399, na sindano walichomwa wakati mionzi yenyewe inaendelea, mara tatu kwa wiki, kwa lengo la kuzuia ukavu usitokee. Kundi moja lilipata sindano za kweli. La pili lilipata za bandia, yaani mchanganyiko wa sindano zisizopenya na nyingine zilizowekwa mahali pasipohusika, mgonjwa asijue. La tatu lilipata huduma ya kawaida tu. Mwaka mmoja baadaye, ukavu wa kusumbua ulikuwa kwa watu wapatao 35 kati ya 100 katika kundi la kweli, 48 kwa za bandia, na 55 kwa huduma ya kawaida. Tofauti nzuri. Lakini ukitenganisha miji miwili unakuta kichekesho: Shanghai sindano za bandia hazikufua dafu, ilhali Houston za bandia zilisaidia karibu sawa na za kweli. Kila mtu ana maelezo yake kuhusu hilo. Langu ni kwamba Mchina ameshachomwa sindano tangu utotoni na si rahisi kumdanganya, wakati Mmarekani akikuona umevaa koti jeupe na umeshika kijisindano anaanza kupata nafuu. Ni dhana yangu tu, usiipeleke mbali.

Ya tatu ndiyo inayomkaribia mzee, ilitoka mwaka 2024: watu 258 katika vituo 33 vya Marekani, waliokuwa wamemaliza mionzi mwaka mmoja au zaidi na bado wana ukavu. Sindano mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, na aliyepata nafuu kidogo akaongezewa wiki nne. Waliochomwa kikweli walipata nafuu kuliko waliobaki na huduma ya kawaida. Pengo kati ya sindano za kweli na za bandia lilikuwa dogo, la kubishaniwa.

Kwa hiyo vyama vya kimataifa vya madaktari wa saratani na wa huduma za wagonjwa wa saratani, katika mwongozo wao wa pamoja wa mwaka 2021, havikusema "mchomeni kila mgonjwa". Vilisema sindano zinaweza kutolewa, kwa pendekezo dhaifu. Nami nipo hapohapo.

Sasa tuje kwenye hela. Mara 20 kwa shilingi 40,000 ni laki nane. Hakuna hata moja kati ya tafiti za wagonjwa waliokwisha kumaliza mionzi iliyohitaji mara 20 kujua kama mtu anasaidika. Mara nane zinatosha, yaani 320,000. Mwambie mwenye kliniki mnalipa kila mnapokuja, si kwa jumla. Akikataa, mmeshajua anachotafuta. Na akikupimieni majani au dawa ya unga ya kunywa sambamba na sindano, mshukuruni muiache hapo mezani. Sijui kilichomo, nawe hujui, na mzee ametoka kwenye dawa za saratani juzi tu.

Ila kabla ya sindano ya kwanza, fanya kazi ndogo nyumbani ili baadaye usibishane na ndugu. Tafuta daftari. Kwa wiki moja andika kila asubuhi mzee ameamka mara ngapi kunywa, na mlo wa mchana umetumia vikombe vingapi vya maji. Kisha siku moja, asubuhi, kabla hajala wala kupiga mswaki, mketishe ainamishe kichwa, asitafune, asiongee, aache mate yadondoke kwenye kikombe safi kwa dakika tano, na yaliyobaki mdomoni ayateme humo mwishoni. Yavute kwa bomba la sindano la plastiki la mililita 5, lisilo na sindano, la duka la dawa. Mtu mzima wa kawaida atakupa mililita moja na nusu au mbili. Ikiwa chini ya nusu mililita, huo ni ukavu mkali. Rudia vipimo vyote hivyo baada ya mara ya nane. Kama kuamka usiku kumetoka mara sita hadi mbili, endeleeni kidogo, hata kama kikombe hakijabadilika. Kama daftari linasema yaleyale, acheni bila kinyongo, hela iende kwenye mengine.

Kuhusu hatari: mikononi mwa mtu aliyesomea, madhara makubwa ni nadra. Yanayotokea ni alama ya bluu, tone la damu, kizunguzungu kwa mtu aliyekuja na njaa. Kinachoniogopesha mimi ni uchafu. Sindano lazima iwe ya kutumika mara moja, ifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yenu, na ikitoka iende kwenye boksi la taka kali. Homa ya ini aina ya B haina mchezo. Na zihesabu: zilizoingia saba, zitoke saba. Hilo la kuhesabu watu hulicheka, lakini sindano ya sikioni husahaulika kirahisi.

Sehemu za kuchoma ni masikio, mikono na miguu. Shingoni kwenye ngozi iliyobadilika rangi na kukakamaa baada ya mionzi, mchomaji asiguse. Chini ya kidevu kama kumevimba maji, asiguse. Mzee akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au damu yake ina chembe sahani chache (zile za kugandisha damu) au chembe nyeupe chache (zile za kinga), msiende mpaka daktari wake wa saratani aseme ndiyo. Pima picha kamili ya damu kwanza, ni kipimo cha kawaida. Kama ana kisukari, muwe waangalifu zaidi na miguu. Na kliniki ikitaka kuunganisha umeme kwenye sindano, kataeni kama ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo.

Kwa Tanzania, anayetoa tiba hii nje ya hospitali anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002. Cheti hutundikwa ukutani. Ukikiulizia kwa adabu si kumvunjia mtu heshima.

Mtaulizwa pia kuhusu vidonge. Vipo, vinaitwa pilokapini, miligramu 5 mara tatu kwa siku, na vinaisukuma tezi iliyobaki itoe mate zaidi. Vinasaidia watu wengi, lakini vinatoa jasho la kuloanisha shati, vinampeleka mtu chooni mara kwa mara, na havifai kwa mwenye pumu au aina fulani ya presha ya macho. Kwetu mara nyingi dawa hii hupatikana kama matone ya macho. Asije mtu akamshauri mzee ayanywe hayo matone kwa kukisia; hilo ni la daktari kuamua na kupima. Kuna pia mashine ndogo ya umeme inayobandikwa juu ya ngozi penye sehemu zilezile za sindano, bila kuchoma. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2015 uliilinganisha na vidonge hivyo kwa wagonjwa 148, ikafanya kazi sawasawa navyo au zaidi kidogo, kwa madhara machache.

Na angalia kabati la dawa la nyumbani. Piriton ya mafua hukausha mdomo wa mtu mzima, sembuse wa mzee. Vidonge vya amitriptilini vya maumivu ya neva au usingizi, vivyo hivyo. Dawa za presha za kukojoza maji nazo humo. Msiziache kienyeji, lakini pelekeni orodha kwa daktari muulize kama ipo ya kubadilishwa. Nimeona mgonjwa akipata nafuu kubwa kwa kuachishwa Piriton aliyokuwa akiimeza kila usiku "apate usingizi", halafu anaamka kila saa kunywa maji.

Jikoni, Mungu ametupendelea. Mlenda na bamia ni vilainishi vya asili, na ugali laini wa mlenda humshuka mgonjwa wa namna hii pale ambapo nyama ya kukaanga haipiti hata kwa jagi zima la maji. Mchuzi wa nazi, uji mwepesi, maharage yaliyopondwa, papai, parachichi. Mikate mikavu na mihogo ya kuchoma aiweke mbali kwa sasa. Kutafuna bigijii isiyo na sukari huamsha tezi, jaribuni. Lakini ubuyu wa sukari, pipi za kawaida, soda, na juisi ya ukwaju ya kunywa siku nzima, hapana, japokuwa ukwaju unaleta mate vizuri. Mdomo usio na mate hauna kitu cha kuosha tindikali na sukari, na meno yake yataoza kuanzia kwenye shina, karibu na ufizi, kwa kasi ambayo hamjawahi kuiona. Tambuu na tumbaku ya kutafuna, kama yumo, aviache leo. Kahawa chungu ya barazani, kikombe kimoja na maji pembeni, simnyimi mtu.

Asukutue mara nne au tano kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa: lita moja, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikabonati ya soda. Namaanisha ile ya kuokea keki, si magadi. Nasisitiza kwa sababu nimeona mtu ameunguza ulimi. Akilala, kitambaa chenye maji kikining'inizwa karibu na kitanda hulainisha hewa ya chumba, na kujipaka matone mawili ya mafuta ya kula ndani ya mashavu husaidia baadhi ya watu kufika alfajiri. Utando mweupe ulimini unaouma ni fangasi, unatibika, msiuchukulie kuwa ni ukavu.

Ramadhani. Sindano si chakula wala maji, lakini hukumu ya kama inabatilisha funga muulizeni sheikh wenu, hilo si fani yangu. Upande wangu nitasema hili tu: mzee ambaye bado anapungua uzito, au anayehitaji maji ili ameze dawa, ana udhuru wa ugonjwa, na ningependa nimwone kliniki kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kumi na tano amelazwa kwa kuishiwa maji.

Yapo mambo ambayo si ukavu na hayangoji sindano ya nane: uvimbe mpya shingoni, damu puani au kwenye mate, kukohoa kila anapomeza, sikio kuziba upya, kichwa kuuma mfululizo, au kuanza kuona vitu viwiliviwili. Kwa hayo mrudi hospitali iliyompa mionzi wiki hiyohiyo.

Nimesema kituo cha kwanza ni daktari wa meno, na hilo ndilo ninaloomba msilisahau hata kama mengine yote yatawatoka. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi una damu kidogo. Jino likingʼolewa kienyeji, kidonda kinaweza kisifunge, mfupa ukaanza kufa taratibu, na hali hiyo ni mbaya kuliko ukavu wowote. Hatari hiyo haiishi baada ya mwaka wala miaka mitano. Popote atakapofungua mdomo, mzee aseme kwanza, "Nimepigwa mionzi ya kichwa na shingo." Meno yaliyotoboka yazibwe mapema, apake dawa ya fluoraidi atakayopewa, na dawa yake ya meno iwe yenye fluoraidi. Mswaki wa mti anaoupenda aendelee nao, lakini usiwe badala ya dawa hiyo. Mkienda Dar es Salaam mara nyingine, ombeni nakala ya karatasi inayoonyesha tezi na taya zilipata grei ngapi, muiweke kwenye daftari lile lile la kuhesabia anavyoamka usiku.